Elfu Tano Mara Mbili: Historia ya Orodha za Namba Ndani ya Lisp

Leo sina drama ya msanii wala rivyu ya simu. Nataka tuongee historia, na ni historia ya kitu kidogo sana: orodha ya namba. 500, 500, 0, 1000. Hivyo tu. Swali ni moja: ukitaka kompyuta ikuwekee hizo namba leo, halafu ikurudishie zikiwa vile vile baada ya miaka kumi, unaziweka vipi?

Ukimuuliza mtu aliyesomea hifadhidata chuoni, atakujibu kabla hujamaliza swali. Tengeneza jedwali, kila namba ipate mstari wake, kwisha. Ukimuuliza msee wa Lisp, atakuangalia kama umemuuliza maji huwekwa wapi. Si uweke tu orodha? Lugha yake yote imejengwa kwa orodha.

Hawa wawili wamebishana kwa zaidi ya miaka hamsini. Mimi naona kila mmoja ana hoja, na kila mmoja kuna kitu anasahau. Hicho kinachosahaulika ndicho kimenifanya niandike, kwa sababu mara nyingi kinaishia kula pesa ya mtu.

Tuanze mwanzo.

Neno moja, vyumba viwili

Mwaka ni 1958, mahali ni MIT, Marekani. Jamaa anaitwa John McCarthy. Huyu ndiye aliyelipa jina somo la akili bandia, kwenye ombi la mwaka 1955 la kuandaa mkutano wa Dartmouth uliofanyika 1956. Kwa hivyo kila ukisikia watu wakipiga kelele za AI, jua jina lenyewe lina umri wa babu yako.

Kuna kitu kimoja kuhusu McCarthy ninachokipenda. Akiwa mwanafunzi Caltech alisimamishwa masomo kwa kutohudhuria vipindi vya mazoezi ya mwili. Akaingia jeshini, akarudi, akamaliza digrii ya hisabati mwaka 1948. Sisemi muache shule. Nasema tu kwamba njia ya mtu si lazima inyooke kama Thika Road.

Kompyuta za wakati huo zilikuwa za kupiga hesabu. FORTRAN ya IBM ilikuwa imetoka 1957, na ilikuwa moto kwa namba. Lakini ilitaka useme mapema nafasi unayohitaji: nipe nafasi za namba 100. Zikiwa 101, pole. Zikiwa tatu, zile 97 zinakaa bure. McCarthy alitaka kushughulikia vitu ambavyo ukubwa wake haujulikani mpaka kazi ianze. Wazo la orodha lilikuwa tayari limeonyeshwa na Allen Newell, Cliff Shaw na Herbert Simon kwenye lugha yao ya IPL. McCarthy alilipenda hilo wazo la orodha. Lugha yenyewe hakuipenda.

Sasa angalia venye mashine ilichangia. IBM 704 ilihifadhi kumbukumbu kwa maneno ya biti 36. Ndani ya kila neno kulikuwa na sehemu mbili za biti 15, na kila moja ilitosha kubeba anwani ya mahali pengine kwenye kumbukumbu. McCarthy akaona vyumba viwili ndani ya neno moja. Chumba cha kwanza kinakuonyesha kitu chenyewe. Cha pili kinakuonyesha mahali neno linalofuata lilipo. Ni kama kuelekezwa mtaani: unafika duka la kwanza, unapewa bidhaa moja, halafu unaambiwa duka linalofuata liko wapi. Ukifika la mwisho unaambiwa hakuna tena. Huko kuambiwa hakuna tena ndiko Lisp inakuita NIL.

Amri za kufungua vyumba hivyo zinaitwa car na cdr. Hayo majina yametoka kwenye sehemu za neno la IBM 704, na mpaka leo mtu anaandika car kwa laptopu ambayo haina uhusiano wowote na ile mashine. Historia huwa inaganda hivyo ndani ya lugha.

McCarthy alichapisha makala ya Lisp mwaka 1960. Kwenye karatasi alikuwa ameeleza kitu kinachoitwa eval, yaani Lisp inayosoma na kutekeleza Lisp. Aliona ni nadharia tu. Steve Russell, mmoja wa waliofanya kazi naye, akaona kwamba hiyo nadharia inaweza kuandikwa moja kwa moja kwa lugha ya mashine, akaiandika, ikafanya kazi. Wachezaji wa gemu, mshukuruni huyo huyo Russell kwa Spacewar! ya mwaka 1962, mojawapo ya gemu za kwanza kabisa za kompyuta.

Lugha ya orodha iliyosumbuliwa na namba

Hapa ndipo watu wengi huruka. Lisp ilikuwa mali safi kwa orodha, lakini namba ziliisumbua.

McCarthy mwenyewe alieleza baadaye kwamba kwenye Lisp ya kwanza namba zilitengenezwa kama orodha. Fikiria hiyo. Unataka kujumlisha 7 na 5, na mashine inaanza kutembea duka hadi duka kutafuta 7 iko wapi. Ilikuwa polepole kiasi kwamba haikufaa isipokuwa kwa hesabu ndogo sana. Kwenye LISP 1.5 namba zikapewa umbo lao zenyewe, lakini bado, kwa maelezo yake, hesabu kwenye Lisp za mwanzo zilichukua muda mara 10 hadi 100 zaidi ya FORTRAN.

Hali ilibadilika MIT, kwa Lisp iliyoitwa MACLISP. Kulikuwa na mradi wa Macsyma, programu ya kufanya aljebra, na watu wa aljebra hawawezi kusubiri. Wakaboresha kitafsiri mpaka mwaka 1973 Richard Fateman akachapisha jibu kwa waliokuwa wakidharau Lisp, akionyesha kwamba kwa hesabu za namba inaweza kushindana na FORTRAN kwenye mashine ile ile.

Kwa nini nawasumbua na hii? Kwa sababu inaonyesha kwamba orodha na namba si kitu kimoja. Orodha inabeba chochote: namba, neno, orodha nyingine. Huo uhuru ni mtamu lakini una bei. Ukiandika 500, 500, "atalipa kesho", 1000, Lisp haitalalamika. Italalamika siku utakapojumlisha. Kwa hivyo swali la kuhifadhi orodha ya namba si swali la nafasi peke yake. Nani anahakikisha kila kilichomo ni namba? Na namba hiyo ina maana gani?

Codd akavunja orodha

Tuondoke MIT twende San Jose, California, kwenye maabara ya IBM. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wa jeshi la anga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alichapisha mwezi Juni 1970 makala iliyobadilisha dunia ya data. Majedwali yote unayoyajua leo yametoka humo.

Kabla yake, hifadhidata kubwa kama IMS ya IBM zilipanga data kama mti. Ukitaka kitu, lazima ujue njia: anzia hapa, shuka pale, pinda kule. Njia ikibadilishwa, programu yako imekufa. Codd akasema mtumiaji hapaswi kujua njia. Anapaswa kuuliza tu anachotaka.

Mfano aliotumia mwenyewe ndio unaonigusa. Alichukua mfanyakazi. Mfanyakazi ana jina, ana tarehe ya kuzaliwa, ana watoto, ana historia ya kazi. Ndani ya kila kazi kuna historia ya mishahara. Historia ya mishahara ni nini? Ni orodha ya namba! Lisp ingeiweka ndani ya mfanyakazi na kuendelea na maisha. Codd akaitoa nje. Akatengeneza jedwali la mishahara peke yake, ambapo kila mstari una namba ya mfanyakazi, tarehe ya kuanza kazi, tarehe ya mshahara na mshahara wenyewe. Ndani ya kisanduku kimoja, thamani moja tu. Hiyo ndiyo sheria ambayo kila mwanafunzi wa hifadhidata hukaririshwa wiki za mwanzo.

Faida yake ni kubwa, tusidanganyane. Sasa unaweza kuuliza upande wowote. Huyu alilipwa nini? Nani wote waliongezwa mshahara Januari? Kwenye orodha iliyofichwa ndani ya mfanyakazi, swali la pili linakulazimisha kufungua mfanyakazi mmoja mmoja.

Lakini shika hapa, kwa sababu ndipo pesa hupotelea. Jedwali la Codd kwa nadharia ni seti, na seti haina vitu viwili: haina mpangilio, na haina marudio. Mistari miwili inayofanana kila kitu ni mstari mmoja. Orodha inaweza kusema 500, 500, 0, 1000 na wewe ukajua ya kwanza ni ipi na kwamba 500 ziko mbili. Seti ya namba hizo hizo inasema 0, 500, 1000, na haikwambii ipi ilitangulia.

Niwaambie kilichonipata mimi. Nikiwa bado chuoni, chuo ambacho sitakitaja, karo yangu ililipwa kwa vipande. Mathe alituma 8,000, halafu 5,000, halafu 5,000 nyingine, halafu 12,000. Jumla 30,000. Taarifa ya karo ikatoka na 25,000. Nikaenda ofisini, nikapanga foleni asubuhi nzima, nikaambiwa kuna 5,000 "ilijirudia" na mfumo ukaiondoa. Ilijirudia! Mama yangu aliuza maharagwe mara mbili, mfumo ukahesabu mara moja.

Kilichoniokoa ni jumbe za M-Pesa kwenye simu ya mathe. Kila ujumbe una msimbo wake, kiasi chake, tarehe na saa. 5,000 mbili, misimbo miwili, siku mbili tofauti. Hapo hakuna mtu angesema zimejirudia. Si hiyo iliyonitoa chuoni, kuna mengine. Lakini ndiyo iliyonifanya nianze kusoma hizi mambo kwa hasira.

Na nilipofika kwa Codd nilishangaa. Yeye hakukosea. Rudi kwa jedwali lake la mishahara uone: kuna tarehe ya mshahara. Alijua kwamba ukitoa namba kwenye orodha unainyang'anya nafasi yake, kwa hivyo lazima uipe kitambulisho kingine. Waliokuja baadaye wengi walikariri ile sheria ya kutenganisha namba na kuacha ile tarehe. Wakabaki na namba tupu.

Lisp inayokumbuka

Watu wa Lisp walikuwa na shida yao. Orodha ya Lisp huishi ndani ya kumbukumbu ya mashine. Ukizima mashine, imeenda. Na ukitaka kuihifadhi kwenye hifadhidata ya majedwali, lazima uivunje vipande ukihifadhi, halafu uiunganishe tena ukiisoma. Kila siku unavunja nyumba jioni na kuijenga asubuhi.

Katikati ya miaka ya 1970, MIT ilikuwa ikitengeneza kompyuta nzima kwa ajili ya Lisp. Wakuu wa kazi hiyo walikuwa Richard Greenblatt na Tom Knight. Greenblatt aliingia MIT mwaka 1962, akapenda kuprogramu kuliko madarasa, na digrii hakumaliza. Programu yake ya chesi, Mac Hack, ilicheza kwenye mashindano ya binadamu miaka ya 1960. Wale mnaotumiwa viungo vya "rudi shule" na mashangazi kila Krismasi, mmesikia.

Kutoka maabara hiyo kukazaliwa kampuni ya Symbolics mwaka 1980. Mnaijua hata kama hamjui: symbolics.com, iliyosajiliwa tarehe 15 Machi 1985, ndiyo jina la kwanza kabisa la .com duniani. Mwaka 1988 Symbolics ilitoa Statice, hifadhidata ya objekti kwa ajili ya Lisp. Mmoja wa waliohusika sana ni Dan Weinreb, ambaye pia alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Object Design, kampuni iliyotengeneza hifadhidata ya ObjectStore.

Wazo la hifadhidata ya objekti ni hili: kitu kihifadhiwe kilivyo. Mfanyakazi akiwa na orodha ya mishahara, aende kwenye diski na orodha yake, arudi nayo. Hakuna kuvunja. Mwaka 1989 kikundi cha watafiti wakatoa hata tamko la hifadhidata za objekti, wakiorodhesha yale ambayo mfumo wa aina hiyo lazima uwe nayo.

Lakini soko la mashine za Lisp lilianza kuanguka kuanzia 1987. Kompyuta za kawaida zilikuwa zimekuwa bei nafuu na zenye kasi, na hakuna mtu alitaka kununua mashine ghali ya lugha moja. Symbolics ikazama. Majedwali yakachukua benki, serikali na vyuo. Ndiyo sababu ukisema hifadhidata leo, watu husikia jedwali.

PicoLisp na njia tatu

Mwaka huo huo wa 1988, Mjerumani anayeitwa Alexander Burger alikuwa akitengeneza Lisp ndogo kwenye kompyuta ya Macintosh. Inaitwa PicoLisp, na bado iko hai. Ina aina tatu tu za data: namba, simboli, na ile jozi ya vyumba viwili ya McCarthy. Haina kitu kingine. Hifadhidata imo ndani ya lugha yenyewe, si kitu cha kuongezwa pembeni.

Kwa hivyo hapa ile kesi ya zamani inakuwa swali la mistari michache. Tuseme tunaandika rekodi za chama cha mtaa. Kila mwanachama hutoa mchango. Njia ya kwanza:

(class +Mwanachama +Entity)
(rel jina (+Need +Key +String))
(rel michango (+List +Number))

Mstari wa pili unasema jina ni lazima liwepo na wawili wasiwe na jina moja. Wa tatu unasema michango ni orodha, na kila kilichomo ni namba. Kwa hivyo ule wasiwasi wa "atalipa kesho" kuingia kati ya namba una mahali pa kushughulikiwa, kwa sababu umetangaza aina. Mpangilio umebaki. Poa.

Lakini mwanachama akisimama mkutanoni aseme "mimi Machi nilitoa", orodha hii haina jibu. Inajua namba ya tatu ni ngapi. Haijui ilitolewa lini. Na kama kuna mwezi mtu alirukwa, namba zote zinazofuata zimesogea nafasi moja na hakuna anayejua. Kuna shida ya pili pia: PicoLisp huisoma objekti nzima na kuiandika nzima. Orodha ya namba 12 haina neno. Orodha ya namba 40,000 inamaanisha kila ukiongeza moja, zote zinaandikwa upya.

Njia ya pili ni kuifunga kila namba na siku yake:

(rel michango (+List +Bag) ((+Date)) ((+Number)))

Hapa kila kitu kwenye orodha ni mfuko mdogo wenye tarehe na kiasi. Bado iko ndani ya mwanachama. Ukimfungua unapata historia yake yote kwa mkupuo. Kwa chama cha watu ishirini, hii inatosha kabisa.

Njia ya tatu ni kuufanya mchango uwe objekti yenyewe:

(class +Mwanachama +Entity)
(rel jina (+Need +Key +String))
(rel michango (+List +Joint) mwenyewe (+Mchango))

(class +Mchango +Entity)
(rel mwenyewe (+Joint) michango (+Mwanachama))
(rel siku (+Ref +Date))
(rel kiasi (+Number))

Sasa mwanachama ana orodha ya michango, na kila mchango unamjua mwenyewe. Hiyo +Joint ni uhusiano wa pande mbili: ukiandika upande mmoja, hifadhidata yenyewe inarekebisha wa pili. Na +Ref kwenye siku inatengeneza faharasa, kwa hivyo unaweza kuuliza michango yote ya Machi bila kufungua mwanachama mmoja mmoja. Mnaona? Tumefika pale pale Codd alipofika 1970, kwa mlango mwingine, na bado tuna orodha yetu.

Kuna mambo mawili madogo lakini muhimu kwa pesa. La kwanza, kwenye Lisp hii 0 si NIL. Sifuri ni jibu: tuliuliza, akatoa sifuri. NIL ni ukosefu wa jibu. Kwenye daftari la chama hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na mifumo inayozichanganya humfanya mtu aliyekuwa hospitalini aonekane mkaidi. La pili, namba za PicoLisp ni namba kamili zisizo na kikomo cha ukubwa. Desimali za kukadiria hazipo. Kwenye lugha nyingi ukijumlisha 0.1 na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Ukiweka pesa kwa senti, kama namba kamili, huo ujinga hauji.

Majedwali nayo yakarudi

Msidhani ni watu wa Lisp pekee waliosogea. Mwaka 1986, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Michael Stonebraker na wenzake walianza mradi wa POSTGRES. Ni hifadhidata ya majedwali, lakini iliruhusu kisanduku kimoja kubeba safu ya thamani. Mtoto wake, PostgreSQL, anatumika kote duniani leo na bado anakubali orodha ya namba ndani ya kisanduku. Kiwango rasmi cha SQL cha mwaka 1999 kikaongeza aina hiyo pia. Kwa hivyo kile ambacho Codd alikuwa ametoa nje mwaka 1970 kikarudishwa ndani, kwa mlango wa mbele na karatasi zikiwa zimesainiwa.

Walirudisha kwa sababu kuna orodha ambazo hazina maana zikivunjwa. Joto la chumba kila saa kwa siku moja, namba 24: ya saba ni ya saa moja asubuhi, nafasi yake ndiyo tarehe yake. Sampuli za sauti ndani ya wimbo, makumi ya maelfu kwa sekunde moja: hakuna mtu atakayeuliza kuhusu sampuli moja peke yake. Hizo ziweke kama orodha, usijitese.

Mchango wa mtu, karo ya mtu, mshahara wa mtu, hizo ni tofauti. Kila moja ina siku ilipotoka mfukoni, na ina mtu anayeweza kuitetea. Kipimo changu ni hiki: je, kuna siku mtu anaweza kusimama na kubishana kuhusu hii namba moja? Jibu likiwa ndiyo, ipe objekti yake, ipe tarehe, ipe mwenyewe. Jibu likiwa hapana, orodha inatosha.

Najua wengi wenu mnajifunza kuandika programu kwa simu, usiku, kwa bando la kuhesabu. Wengine mtaandikia chama cha mama, sako ya matatu, duka la mjomba. Mtafundishwa kwamba kuna njia moja sahihi, na mtakayefundishwa naye atakuwa na uhakika sana. McCarthy alikuwa na mashine yenye vyumba viwili, akapata orodha. Codd alikuwa amechoshwa na njia za mti, akapata jedwali. Kila mmoja alijibu shida iliyokuwa mezani kwake. Wewe kaa kwanza na mweka hazina wa chama, muulize watu huwa wanagombania nini kwenye mikutano, halafu ndio ufungue laptopu.

Mathe bado ana zile jumbe kwenye simu yake ya zamani, na amekataa kuzifuta.